Siri ya Vita: Anayefichwa ni Nani?

Siri ya serikali ikivuja wakati wa vita, watu hukimbilia swali moja: aliyeivujisha ni shujaa au msaliti? Magazeti hugawanyika, wabunge hupandisha sauti, na kwa wiki kadhaa anayejadiliwa ni mtu, tabia zake, ndoa yake na madeni yake. Kilichoandikwa kwenye nyaraka zenyewe husahaulika. Nimefundisha historia ya vita vya karne iliyopita kwa muda wa kutosha kuuona mwenendo huu ukijirudia, na msimamo wangu ni kwamba tunaanzia pasipostahili. La kuuliza kwanza ni hili: habari hii ilifungiwa kabatini ili nani asiijue? Ikiwa ni adui, aliyeitoa ana jambo zito la kujibu. Ikiwa adui aliijua siku zote, na aliyeachwa gizani ni raia anayelipa kodi na kumtoa mwanawe aende jeshini, basi wa kwanza kudaiwa maelezo ni rais aliyeruhusu igongwe mhuri.

Tazama Kambodia. Tarehe 18 Machi 1969 ndege za B-52 za Marekani zilianza kuipiga mabomu nchi hiyo, ambayo Marekani haikuwa na vita nayo. Operesheni hiyo, iliyopewa jina la Menu, iliendelea hadi Mei 1970: safari zaidi ya 3,600 na mabomu zaidi ya tani 100,000. Nani hakujua? Wanakijiji waliokuwa chini ya mabomu walijua. Serikali ya Vietnam Kaskazini mjini Hanoi, ambayo askari wake ndio waliokuwa wakiwindwa kwenye misitu ile ya mpakani, ilijua pia, ila ilinyamaza kwa kuwa ilikuwa ikikana hadharani kuwa na jeshi Kambodia. Asiyejua ni Mmarekani. Ili asijue, jeshi lilitunza kumbukumbu za aina mbili, za kweli kwa watu wachache na za uongo zilizoonyesha kwamba mabomu yameangukia Vietnam Kusini. Meja Hal Knight, aliyekuwa msimamizi kwenye kituo cha rada cha Bien Hoa, aliieleza kamati ya Seneti mwaka 1973 jinsi alivyokuwa akichoma karatasi zenye shabaha halisi na kupeleka ripoti zenye shabaha za kubuni. Na tarehe 30 Aprili 1970, mabomu yakiwa yamenyesha kwa zaidi ya mwaka mzima, Rais Richard Nixon alikaa mbele ya kamera akawaambia wananchi wake kwamba Marekani imekuwa ikiheshimu kikamilifu msimamo wa Kambodia wa kutofungamana na upande wowote.

Kesi ninayotaka kuikalia zaidi ni nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyotuachia karatasi nyingi. Juni 1967 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara, akiwa ameanza kupoteza imani na vita alivyoviendesha yeye mwenyewe, aliagiza iandikwe historia ya siri ya jinsi Marekani ilivyozama Vietnam. Timu ya watu 36 chini ya Leslie Gelb ilimaliza kazi mwanzoni mwa 1969: majuzuu 47, kurasa kama 7,000, kuanzia utawala wa Harry Truman mwaka 1945 hadi wa Lyndon Johnson mwaka 1967. Zilitolewa nakala 15 tu. Mmoja wa walioruhusiwa kuisoma kazi hiyo yote alikuwa Daniel Ellsberg, aliyewahi kuwa ofisa wa kikosi cha Marine, kisha mtumishi wa Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi, kisha akakaa Vietnam miaka miwili kabla ya kurudi RAND, taasisi ya utafiti ya California iliyofanya kazi nyingi za jeshi. Oktoba 1969 alianza kuyatoa majuzuu hayo ofisini usiku, ndani ya mkoba, na kuyapeleka kwenye ofisi ndogo ya matangazo iliyokuwa na mashine ya fotokopi. Yeye na mwenzake Anthony Russo walitoa nakala ukurasa baada ya ukurasa. Usiku mmoja mwanawe wa miaka 13 alisimama kwenye mashine, na bintiye wa miaka 10 akashika mkasi, akikata maneno ya “Siri Kuu” yaliyochapwa pembezoni mwa karatasi.

Gazeti la New York Times lilianza kuzichapisha nyaraka hizo tarehe 13 Juni 1971. Siku mbili baadaye serikali ilipata zuio la mahakama. Washington Post ikaendeleza pale Times ilipokomeshwa, nayo ikazuiwa, magazeti mengine yakafuata. Tarehe 30 Juni Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba serikali haikuwa na sababu ya kutosha ya kuzuia uchapishaji. Tangu hapo kesi hii imesimuliwa kama ushindi wa magazeti, na kwa hakika ulikuwa ushindi wao. Lakini ukiishia hapo umesoma hukumu bila kusoma nyaraka.

Basi tuzisome, tukiwa na swali langu mkononi. Tarehe 24 Machi 1965, John McNaughton, msaidizi wa McNamara, aliandika rasimu ya waraka akiyagawa malengo ya Marekani Vietnam kwa asilimia. Sabini ni kuepuka aibu ya kushindwa. Ishirini ni kuizuia Vietnam Kusini isiingie mikononi mwa China. Kumi ni kuwawezesha watu wa Vietnam Kusini waishi maisha bora na huru zaidi. Katika hotuba za rais, kumi ile ilikuwa mia. Wiki mbili baadaye, tarehe 6 Aprili, waraka namba 328 wa Ikulu ya Marekani uliwabadilishia kazi askari wa Marine waliotua Da Nang mwezi mmoja kabla: walikuwa wamepelekwa kulinda uwanja wa ndege, sasa waliruhusiwa kwenda kushambulia. Waraka huohuo uliagiza kwamba hatua hizo zisitangazwe mapema, na zichukuliwe kwa namna itakayopunguza dalili ya kubadilika kwa ghafla kwa sera. Sasa niambie: mpiganaji wa Vietcong aliyekutana na askari hao porini, akapigwa risasi, alihitaji kuvujishiwa waraka namba 328 ndipo ajue kwamba kazi yao imebadilika? Siri ile ilimlenga mama wa Ohio aliyempigia Johnson kura Novemba 1964, baada ya kumsikia akiahidi kwenye kampeni kwamba hatawapeleka vijana wa Marekani mbali na kwao kufanya kazi inayowapasa vijana wa Asia wenyewe.

Mlango wa vita vile ulifunguliwa kwa tukio la Ghuba ya Tonkin, na hapo swali langu linajibika lenyewe. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za torpido za Vietnam Kaskazini ziliishambulia kweli manowari ya Maddox. Tarehe 4 usiku, Maddox na Turner Joy ziliripoti shambulio la pili. Saa chache baadaye Kapteni John Herrick, aliyekuwa na dhamana ya manowari zote mbili, alituma ujumbe wa mashaka: hali mbaya ya hewa ilikuwa imevuruga rada, mhudumu wa sona alikuwa na hamasa iliyopita kiasi, hakuna aliyeiona boti kwa macho, na ingefaa uchunguzi ukamilike kwanza kabla ya hatua nyingine. Karibu na usiku wa manane, saa za Washington, Johnson alikuwa kwenye televisheni akitangaza kulipiza kisasi. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi lilimpa ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa 88 dhidi ya 2. Mwaka 2001 mwanahistoria wa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, Robert Hanyok, alihitimisha katika utafiti wa ndani kwamba usiku ule hapakuwa na shambulio, na kwamba taarifa zilizonaswa zilipangwa kwa namna ya kuunga mkono hadithi iliyokwisha kutolewa. Utafiti huo nao ulifungiwa, ukafunguliwa mwaka 2005. Kama kuna watu duniani waliojua kwa yakini kwamba boti za Vietnam Kaskazini hazikushambulia usiku wa tarehe 4, ni Vietnam Kaskazini. Kwa miaka 41 Mmarekani alikuwa akifichwa jambo ambalo adui wake alilijua tangu asubuhi ya pili.

Uongo wa rais hujengwaje

Wengi hudhani rais huamka siku moja akaamua kudanganya taifa. Mara chache huwa hivyo, na ndiyo maana dawa ya kutafuta rais mwema haitoshi. Uongo wa vita hujengwa na ofisi nzima, kwa hatua ndogo ambazo kila moja ina mtetezi wake. Huanza na shaka kama ile ya Herrick. Shaka ina kawaida ya kupanda ngazi polepole, ilhali uhakika hupanda mbio, kwa kuwa ofisa anayepeleka habari ya uhakika kwa mkubwa wake huonekana anaijua kazi. Uamuzi ukishafanyika, ile shaka hubadilika hadhi. Jana ilikuwa maoni ya kitaalamu, leo ni ushahidi kwamba uamuzi ulifanywa bila msingi. Hapo ndipo mhuri unapotoka kwenye droo. Uamuzi wa pili hujengwa juu ya ule wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, na kila rais mpya huyakuta makabati yamejaa, akaona ni heri ayaongeze kuliko kuyafungua kabla ya uchaguzi.

Ellsberg amesimulia safari ya Oktoba 1966, akiwa kwenye ndege moja na McNamara kutoka Vietnam kurudi Washington. Ndani ya ndege palikuwa na ubishi kama hali ya vita imekuwa nzuri au mbaya kuliko mwaka uliopita. Ellsberg alipoulizwa alijibu kwamba iko palepale. McNamara akasema huo ndio uthibitisho wa hoja yake: tumeongeza askari zaidi ya laki moja na hali haijasogea, maana yake imekuwa mbaya zaidi. Dakika chache baadaye ndege ikatua, McNamara akashuka hadi kwenye vipaza sauti na kuwaambia waandishi wa habari kwamba ametiwa moyo na maendeleo aliyoyaona. Mtu yuleyule, asubuhi ileile. Sidhani kwamba McNamara alikuwa mtu asiye na dhamiri. Kuagiza kwake zile kurasa 7,000 kunaonyesha kinyume. Ndiyo maana kisa hiki kinanitia hofu. Mtu mwenye akili kubwa na dhamiri inayomsumbua alishuka ngazi za ndege na kusema kinyume cha alichotoka kukisema, na hakuna kanuni yoyote aliyoivunja kwa kufanya hivyo. Kanuni zote zilikuwa upande wa kunyamaza.

Sehemu ya pili ya utaratibu huu haitajwi vya kutosha: anayeshika mhuri ndiye anayeshika pia ufunguo. Magazeti yaliposhitakiwa Juni 1971, Max Frankel, mkuu wa ofisi ya New York Times mjini Washington, aliandika kiapo kuieleza mahakama jinsi siri zinavyotumika katika mji ule kila siku. Mawaziri, majenerali na marais huzitoa kwa waandishi kila wanapotaka kusukuma sera, kumkwamisha mpinzani au kujipatia sifa. Alimkumbuka Johnson, wakiwa wamesimama naye ndani ya bwawa la kuogelea huko Texas, maji yakiwafika kiunoni, akimsimulia kwa zaidi ya saa moja mazungumzo yake ya faragha na Waziri Mkuu wa Kisovyeti, Kosygin. Hakuna aliyemwita Johnson mvujishaji. Kisa cha Iraq kilikuja kulithibitisha hilo upya. Januari 2003 Rais George W. Bush aliliambia Bunge, akinukuu serikali ya Uingereza, kwamba Saddam Hussein ametafuta madini ya urani Afrika. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa Niger. Tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki aliliambia Baraza la Usalama kwamba barua zilizotolewa kama ushahidi wa biashara hiyo hazikuwa halisi. Vita vikaanza siku 13 baadaye. Balozi mstaafu Joseph Wilson, aliyetumwa Niger kuichunguza habari hiyo, alipoandika Julai kwamba hakukuta ushahidi, maofisa wa juu walianza kuwanong’oneza waandishi, na jina la mke wake, Valerie Plame, mtumishi wa CIA, likatokea gazetini. Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya makamu wa rais, alieleza baadaye chini ya kiapo kwamba rais alikuwa ameridhia ampe mwandishi mmoja sehemu ya tathmini ya siri kuhusu silaha za Iraq. Kilichotolewa ni kile kilichoibeba Ikulu. Tathmini nzima ilikuwa pia na pingamizi la wataalamu wa Wizara ya Mambo ya Nje, waliotilia shaka sana habari ya Niger.

Kwa hiyo anayesema siri ni siri na sheria ni msumeno hukata mbele na nyuma atazame adhabu. Chelsea Manning, askari wa cheo cha chini aliyevujisha nyaraka za siri, alihukumiwa miaka 35 mwaka 2013. Alitoka baada ya Rais Obama kumpunguzia. Jenerali David Petraeus, aliyempa mwandishi wa wasifu wake madaftari yenye siri nzito, alikiri kosa dogo mwaka 2015, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 100,000. Msumeno ule ulikata upande mmoja.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni kwamba rais anajua tusiyoyajua, hivyo tumwachie. Naiheshimu hoja hii kwa sababu mara nyingine ni kweli. Lakini zile kurasa 7,000 za Pentagon zilionyesha jambo lililowashtua hata waliokuwa wakiamini hivyo: alichokuwa akikijua rais kwa siri kilifanana sana na alichokuwa akikisema mpinga vita barabarani, kwamba serikali ya Vietnam Kusini huko Saigon haina mizizi, kwamba mabomu hayaivunji Hanoi, kwamba kuongeza askari hakutaleta ushindi. Tofauti ya maarifa kati ya Ikulu na barabara ilikuwa ndogo kuliko tulivyoaminishwa.

Hoja ya pili ni damu: siri ikivuja, askari hufa. Erwin Griswold ndiye aliyesimama Mahakama ya Juu kuitetea serikali mwaka 1971, akadai kwamba uchapishaji ungeleta madhara makubwa kwa usalama wa taifa. Mwaka 1989 aliandika katika Washington Post kwamba hajawahi kuona dalili yoyote ya madhara hayo, na kwamba wanaogonga mihuri huhangaikia zaidi aibu ya serikali kuliko usalama wa nchi. Maneno ya wakili wa serikali mwenyewe yana uzito kuliko yangu. Hata hivyo sitasema kwamba kila uvujishaji ni salama. Mwaka 2011 tovuti ya WikiLeaks ilipoachia nyaraka za kibalozi bila kufuta majina, watu waliozungumza na mabalozi wa Marekani kwa siri katika nchi za kidikteta waliwekwa hatarini bila sababu, na siwezi kulitetea hilo. Jack Teixeira, askari kijana aliyerusha siri za vita vya Ukraine kwa marafiki zake wa mtandaoni, hakuwa na jambo lolote la umma la kufichua. Alihukumiwa miaka 15 mwaka 2024. Wapime watu hawa kwa swali letu na utaona halimtetei kila mtu. Ellsberg mwenyewe alilitumia kwa namna yake: kati ya yale majuzuu 47 aliyazuia manne yaliyohusu mazungumzo ya amani ya kichinichini, kwa kuhofia kuyavuruga. Alijua kuitofautisha siri inayowafunga midomo wapatanishi na siri inayomfumba macho mpiga kura.

Hoja ya tatu husema Ellsberg angefuata taratibu. Alizifuata. Mwishoni mwa 1969 alizipeleka nyaraka kwa Seneta William Fulbright, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, aliyekuwa tayari akivipinga vita. Fulbright akaiomba Wizara ya Ulinzi impe rasmi, akanyimwa, na nakala alizokuwa nazo akazikalia. Ellsberg akamwendea Seneta George McGovern, naye akasita. Zaidi ya mwaka mzima ulipita hivyo, askari wakifa, kabla hajampa Neil Sheehan wa New York Times. Anayehubiri taratibu atuonyeshe ni mlango upi uliobaki.

Na yapo mawili yanayosemwa na mashabiki wa uvujishaji ambayo nayo hayasimami. Moja ni kwamba hukumu ya 1971 iliwapa waandishi ruhusa ya kuchapisha lolote. Hukumu ile ilihusu kuzuia kabla ya kuchapisha. Baadhi ya majaji sita walioshinda waliacha wazi uwezekano wa kushtaki baada ya kuchapishwa. Jingine ni kwamba nyaraka zile zilimaliza vita. Nixon alichaguliwa tena Novemba 1972 kwa kushinda majimbo 49 kati ya 50, na Saigon ilianguka Aprili 1975. Zilichofanya nyaraka ni kumtia Nixon hofu. Hazikumgusa yeye, kwa kuwa ziliishia mwaka 1967, lakini alikuwa na makabati yake, la Kambodia likiwemo. Akaunda kikosi cha kuziba mianya, kikavunja ofisi ya daktari wa akili wa Ellsberg Septemba 1971, na watu walioongoza uvunjaji ule ndio walioongoza ule wa ofisi za chama cha upinzani katika jengo la Watergate mwaka uliofuata. Novemba 1973 Bunge lilipitisha, juu ya kura ya turufu ya rais, sheria ya kumbana rais katika kuingiza majeshi vitani.

Kwetu Afrika Mashariki nako swali hili lina mahali pa kuulizwa. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Serikali ya Nairobi ilikataa kutaja idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia wa wakati huo alitaja idadi inayokaribia 200, Nairobi ikaikana bila kutoa yake. Washambuliaji walikuwa kambini, walipiga picha za video, waliweza kuhesabu maiti mmoja mmoja. Kila familia ilimjua wake. Sasa idadi kamili ilifichwa ili nani asiijue, kama si Mkenya mwingine na mbunge wake?

Dawa ninazozipendekeza si ngeni, ila zinahitaji ukali. Mhuri wa siri uandikwe pamoja na maelezo ya anayefichwa, madhara yanayoogopwa, na tarehe ya kufunguliwa, na ofisa ambaye waraka unamtia aibu asiwe ndiye anayeugonga. Idadi ya waliouawa vitani isiwe siri baada ya familia kuarifiwa. Lakini la uzito zaidi ni utetezi wa maslahi ya umma mahakamani. Ellsberg alishtakiwa kwa makosa ambayo kwa jumla yangemfunga miaka 115, yakiwamo ya sheria ya ujasusi ya 1917. Wakili wake alipomuuliza kizimbani kwa nini alitoa nakala zile, mwendesha mashtaka alipinga swali, jaji akakubali pingamizi, na wazee wa baraza hawakulisikia jibu. Kesi ilifutwa Mei 1973 kwa sababu ya uovu wa serikali, ule uvunjaji wa ofisi ya daktari ukiwamo, kwa hiyo swali la kwa nini halijajibiwa mahakamani hadi leo. Uingereza ilikuwa na Katharine Gun, mtumishi wa shirika la ujasusi aliyefichua mapema 2003 kwamba Marekani ilitaka msaada wa kuwapeleleza wajumbe wa Baraza la Usalama ambao kura zao zilikuwa hazijulikani, Angola, Kamerun na Guinea wakiwamo. Naye, sheria haikumruhusu kujitetea kwa maslahi ya umma. Serikali iliachana na kesi Februari 2004. Sheria zetu za siri zina damu hiyohiyo ya Kiingereza. Kenya, katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, imeweka kifungu cha 16 kinachomlinda anayetoa habari kwa maslahi ya umma. Kifungu hicho kipewe nguvu juu ya sheria ya siri za serikali, na Dodoma iandike chake kwa uwazi huohuo.

Kisha kuna wabunge, ambao mara nyingi huachwa wapite bila kuguswa. Oktoba 2002, kabla Seneti haijapiga kura ya vita vya Iraq, tathmini nzima ya siri, pamoja na pingamizi zake, iliwekwa kwenye chumba salama ili maseneta waisome. Wachache tu waliingia. Bob Graham wa Florida, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, aliisoma, akaona jinsi muhtasari uliotolewa kwa umma ulivyoondolewa mashaka, akapiga kura ya hapana. Azimio lilipita kwa kura 77 dhidi ya 23. Katiba ya Tanzania, ibara ya 44, inataka Rais akitangaza vita apeleke nakala ya tangazo kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14. Katiba ya Kenya inataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje ya nchi. Nakala ya tangazo peke yake haitoshi. Iambatanishwe na tathmini yote, pingamizi za wataalamu zikiwamo, isomwe kwenye kikao cha siri ikibidi, kila mbunge aliyeisoma asaini daftari, na daftari hilo liwekwe kwenye Hansard siku ileile ya kura.